Jibu la kipimo cha wiki ya 13 ya mimba: uchambuzi wa kisa cha mama aliyepata VVU akiwa mjamzito

Mtoto wa kike wa miezi minne analetwa hospitali akihema kwa shida. Anapumua mara 68 kwa dakika, oksijeni kwenye damu ni asilimia 86, na daktari anapomsikiliza kifua hasikii mengi ya kulingana na hali anayoiona kwa macho. Alizaliwa na kilo 3.1. Wiki ya 6 alikuwa na kilo 4.4, wiki ya 10 kilo 4.9, wiki ya 14 kilo 5.0, na leo bado ni 5.0. Mdomoni ana utando mweupe uliotibiwa mara mbili na kurudi mara mbili. Mama yake ana miaka 24, huu ni uzazi wake wa kwanza, ananyonyesha, na kwenye kadi yake ya kliniki, sehemu ya VVU, imeandikwa: hasi.

Nakiandika kisa hiki kwa wenzangu wa kliniki za wajawazito, vyumba vya kujifungulia na kliniki za watoto, na kwa wazazi pia. Mama huyu ni wa mfano. Nimemjenga kutokana na mambo yanayojirudia, ili asitambulike mtu yeyote. Katika kisa chake hutamkuta mhudumu aliyekuwa mkatili au mvivu. Kila aliyempokea alisoma neno "hasi" na kuliamini. Lakini jibu hasi ni la siku damu ilipochukuliwa, na mimba pamoja na unyonyeshaji huchukua miaka miwili na zaidi. Kati ya hapo mengi hutokea.

Mambo yalivyokwenda

Mama alianza kliniki mimba ikiwa na wiki 13, mapema kuliko wengi. VVU hasi, kaswende hasi, damu ya kutosha. Mumewe hakuja. Alipewa barua ya kumwita, nayo ikabaki mkobani kwa kuwa siku zile nyumbani hapakuwa na maelewano, na hakuna aliyeiulizia tena.

Wiki ya 27 aliugua kwa siku sita: homa, koo kuuma, tezi za shingo kuvimba, vipele vyekundu kifuani na mgongoni. Akapewa dawa za maumivu na antibiotiki, homa ikaisha. Ingeisha hata bila dawa hizo, na hapo ndipo wengi hupotea. Homa ya maambukizi mapya ya VVU mara nyingi huja wiki 2 hadi 4 baada ya virusi kuingia, hufanana na mafua makali, kisha humwacha mtu akijiona mzima. Siku hizo ndizo virusi huwa vingi kupita kiasi kwenye damu, huku kipimo cha haraka, ambacho hutafuta kingamwili (chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi), kikiweza bado kutoa jibu hasi.

Wiki ya 32 na ya 36 alirudi kliniki. Alipimwa presha, tumbo likapimwa, mapigo ya moyo ya mtoto yakasikilizwa. VVU hakupimwa. Kadi ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha VVU, nacho kilikuwa kimeshajazwa. Wiki ya 39 alijifungua kwa njia ya kawaida baada ya uchungu wa saa 14. Mkunga aliangalia kadi, akaona hasi, akaendelea. Mtoto hakupewa dawa yoyote ya kinga. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zilitolewa kwa wakati. Katika ziara ya wiki ya 14 mama alionyesha utando mdomoni mwa mtoto, akapewa dawa ya fangasi kwa mara ya pili.

Daktari wa zamu wa siku ile ya pumzi ndiye aliyeuliza swali lililokuwa likisubiri.

"Mama, kipimo chako cha mwisho cha VVU kilikuwa lini?"

"Nilishapimwa, daktari. Niko salama, imeandikwa hapo."

"Nimeona. Ni lini?"

Mama alihesabu kwa vidole. Ilikuwa miezi kumi nyuma. Alipimwa palepale, na vipimo vitatu mfululizo vikatoa jibu lilelile: chanya. Mtoto alichukuliwa damu kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe. Kipimo cha kingamwili hakiwezi kuthibitisha maambukizi kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kwa sababu kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kubaki mwilini mwa mtoto kwa miezi mingi. Jibu la PCR lilikuja kesho yake. Chanya.

Virusi viliingia lini?

Swali hili si la kutafuta wa kulaumiwa. Linatuonyesha ni wapi tungeweza kusimama njiani.

Inawezekana kwamba mama alikuwa ameshaambukizwa wiki ya 13, katika siku ambazo virusi vipo lakini kipimo hakijaviona. Sidhani. Homa ya wiki ya 27, ikiwa na tezi na vipele, inaelekeza kwamba virusi viliingia karibu na wiki ya 23 hadi 25. Kuhusu mtoto, hapakuwa na kipimo siku ya kuzaliwa, kwa hiyo hatuwezi kutenganisha kwa uhakika maambukizi ya tumboni, ya wakati wa kuzaliwa na ya kunyonya. Nimonia ya namna hii, ambapo oksijeni inashuka sana huku kifua kikisikika karibu kitulivu, ni ya kimelea kinachoitwa Pneumosistisi, na kwa watoto wenye VVU huwapata zaidi kati ya miezi 3 na 6. Anayeipata mapema hivyo kwa kawaida aliambukizwa tumboni au wakati wa kuzaliwa. Dau langu liko hapo.

Kwa nini maambukizi mapya katika mimba ni hatari kuliko ya zamani? Mama aliyeishi na VVU kwa miaka na anayetumia ARV, dawa za VVU, vizuri huja na virusi vilivyofubazwa, yaani vilivyopunguzwa hadi kubaki vichache mno kwenye damu. Mama aliyeambukizwa juzi huja na virusi vingi mno, hana kingamwili za kutosha, na hajui. Bila hatua zozote, mama mwenye VVU huwa na uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mtoto, kutegemea ananyonyesha au la na kwa muda gani. Kwa dawa zinazotumiwa vizuri, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5, na virusi vikiwa vimefubazwa tangu kabla ya mimba hukaribia sifuri. Maambukizi mapya huuangusha mpango wote huo kwa sababu mpango unaanza na kujua.

Kuna jambo jingine lisilosemwa vya kutosha: mwanamke mjamzito au aliyejifungua karibuni ana hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowafuatilia wenza wa Afrika ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, ulionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kuambukizwa katika tendo moja la ndoa ulipanda mimba ilipokua na kufikia karibu mara nne katika miezi ya baada ya kujifungua, ukilinganisha na mwanamke asiye mjamzito. Mabadiliko ya homoni na ya kinga kwenye njia ya uzazi ni baadhi ya sababu zinazofikiriwa. Halafu sisi, katika miezi hiyohiyo, ndipo tunapoacha kumpima.

Milango iliyopitwa

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali penye maambukizi mengi, kila mama aliyekuwa hasi mwanzoni apimwe tena katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na kwamba anaweza kupimwa mara nyingine baada ya kujifungua, kwa mfano wiki ya 14, mwezi wa 6 au wa 9. Aliyepitwa na kipimo cha mwisho wa mimba apimwe fursa ya kwanza inapopatikana, hata akiwa kwenye uchungu.

Tuchukue wiki ya 32. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu ile homa, na kingamwili zingeonekana kwenye kipimo cha haraka. Angeanza siku hiyohiyo kidonge kimoja kwa siku chenye ARV tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Je, wiki saba zingetosha? Utafiti wa DolPHIN-2, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa akina mama walioanza dawa katika miezi mitatu ya mwisho, ulijibu hilo. Walipojifungua, asilimia 74 ya waliotumia dolutegraviri walikuwa na virusi chini ya 50 kwa mililita, dhidi ya asilimia 43 ya waliotumia efavirenzi, ARV ya zamani zaidi. Kwa hiyo hata mama anayegundulika amechelewa ana nafasi nzuri, na mhudumu anayemwambia "tutaanza wiki ijayo, kwanza nenda ukafikirie" anamnyang'anya sehemu ya nafasi hiyo. Mpe muda wa kulia, mpe muda wa kuuliza, lakini dawa zianze.

Akina mama wengi huuliza kama dolutegraviri humdhuru mtoto tumboni. Swali lao ni la haki, kwani mwaka 2018 takwimu za awali kutoka Botswana zilileta hofu ya kasoro za uti wa mgongo kwa watoto ambao mama zao waliitumia wakati mimba inatungwa. Ufuatiliaji uliendelea kwa akina mama wengi zaidi, tofauti ikafifia hadi ikatoweka, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hiyo mbele kwa watu wazima wote, wajawazito wakiwemo. Tahadhari moja ya kila siku inasahaulika: vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, ambavyo wajawazito hupewa, huizuia dolutegraviri isifyonzwe. Ama mama avinywe pamoja na chakula wakati mmoja na dolutegraviri, ama anywe dolutegraviri saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Hili lisemwe dirishani panapotolewa dawa, si kuandikwa tu.

Chumba cha kujifungulia ulikuwa mlango wa pili. Jibu chanya wakati wa uchungu lingemfanya mtoto ahesabiwe kuwa katika hatari kubwa, na angepewa dawa mbili, zidovudini na nevirapini, mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa wiki 6, kisha kinga kuendelea kwa wiki 6 nyingine kwa kuwa ananyonya. Sisemi kwamba angepona kwa hakika. Kama aliambukizwa tumboni, kinga isingetosha. Ila kipimo cha PCR cha siku ya kuzaliwa kingetuambia mapema.

Mlango unaoniuma zaidi ni wa wiki ya 6. Mtoto alikuja, alikuwa mzima, alipimwa uzito, akachomwa sindano. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufa kabla ya kufikisha miaka miwili, na vifo hivyo huanza kupanda sana kuanzia mwezi wa pili na wa tatu. Mwaka 2008 utafiti wa CHER wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba kuanza ARV mapema kwa watoto wachanga, bila kusubiri dalili wala kinga kushuka, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Jibu la wiki ya 6 lingemkuta mtoto huyu na kilo 4.4 na mapafu safi. Angepewa pia kotrimoksazoli, dawa ya bei ndogo inayozuia nimonia ileile iliyomlaza miezi miwili baadaye. Na haya yote yalihitaji tone la damu kutoka kidoleni mwa mama aliyekuwa ameketi palepale kwenye benchi.

Matibabu

Mtoto alipewa oksijeni, kotrimoksazoli kwa dozi kubwa ya tiba, antibiotiki za nimonia ya kawaida na kotikosteroidi, dawa ya kupunguza uvimbe kwenye mapafu. Hatukusubiri PCR kwa hilo, kusubiri kungemuua. Alichunguzwa kifua kikuu. Siku ya tano alipotulia alianza ARV: abakaviri, lamivudini na dolutegraviri ya watoto, kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji, ambacho kinafaa kuanzia wiki 4 za umri na kilo 3 za uzito. Sampuli ya pili ya kuthibitisha ilichukuliwa siku ya kuanza dawa, bila kungoja jibu lake. Wingi wa virusi ulikuwa zaidi ya milioni moja kwa mililita.

Mama alianza dawa siku ile aliyojua. Virusi vyake vilikuwa 86,000. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumtoa mtoto ziwani, kwa mkono wa haraka, kama anayemwokoa na moto. Ilibidi muuguzi akae naye. Mtoto ambaye ameshaambukizwa anapaswa kuendelea kunyonya. Maziwa ya mama ndiyo lishe yake na kinga yake dhidi ya kuhara na nimonia, na hakuna tena cha kumkinga nacho kwa kumwachisha. Ingekuwa PCR ni hasi, maelezo yangekuwa mengine: mama atumie dawa, mtoto apewe kinga, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha vyakula viongezwe huku akinyonya, na apimwe tena mwezi wa 9, na miezi 3 baada ya kuacha ziwa. Ningemweleza pia ukweli wote: virusi vikiwa vimefubazwa, hatari ya kuambukiza kwa kunyonyesha ni ndogo sana, chini ya asilimia moja, lakini hatusemi ni sifuri. Mahali ambapo maziwa ya kopo yanapatikana kwa uhakika na maji ni salama, mama ana haki ya kuchagua akiwa na maelezo kamili.

Mume

Kwa mtazamo wangu sehemu hii ilishughulikiwa vizuri kuliko zote. Mwanamke hupimwa kwanza kwa sababu ndiye anayekwenda kliniki, na aliyepimwa kwanza ndiye anayeonekana kuwa ameleta. Kabla ya kusema lolote kuhusu mume, muuguzi alimuuliza mama faraghani kama anaogopa kupigwa au kufukuzwa. Mama alijibu kwamba haogopi kipigo, anaogopa ukimya. Wakakubaliana kwamba mume aitwe kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto, wapimwe wote wawili upya, na wasikie majibu pamoja.

Mume alikuwa chanya. Alikuwa na wasiwasi kwa mwaka mzima na hakuthubutu kupima. Muuguzi hakuruhusu kikao kigeuke mahakama. Alizungumzia dawa za watu watatu wa nyumba moja, saa ya kunywa, na nani atamkumbusha nani.

Lakini nirudi kwenye ile barua iliyobaki mkobani. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha kujipima mwenyewe, na mama angeweza kupewa kimoja ampelekee mume nyumbani. Wapo wanaume wengi wasioweza kukanyaga kliniki ya wajawazito lakini wakapima usiku wakiwa peke yao. Na kama mume angegundulika na VVU wakati mke bado ni hasi, au kama hali ya mume ingebaki haijulikani, mke angestahili dawa kinga, zile zinazoitwa PrEP. Vidonge vya tenofoviri hutumika salama katika mimba na unyonyeshaji. Zipo sasa na sindano za muda mrefu, ikiwemo lenakapaviri ya mara mbili kwa mwaka, iliyopendekezwa na shirika hilohilo Julai 2025. Mazungumzo ya PrEP katika kliniki za wajawazito bado ni ya kunong'ona, eti tutaonekana tunawatuhumu waume za watu. Ningependa tuonekane hivyo kuliko kuendelea kuwalaza watoto kwa nimonia hii.

Miezi iliyofuata

Mtoto alitoka hospitali akiwa na kilo 5.3. Mwezi wa 6 wa matibabu virusi vyake vilikuwa 340, na mwezi wa 12 havikuonekana tena. Mama alifubaza virusi ndani ya miezi mitatu, kisha kipimo cha mwezi wa tisa kikaonyesha 2,100. Si jambo la ajabu. Miezi ya baada ya kujifungua ndiyo ambayo akina mama wengi hulegea na dawa: usingizi hauko, mtoto ni mgonjwa, ndugu wamejaa nyumbani na vidonge vimefichwa. Alipoulizwa bila ukali alisema mama mkwe amehamia kwao na huwa anaacha kunywa akiwa naye chumbani. Muuguzi alimhamishia vidonge kwenye kichupa kisicho na maandishi, saa ya kunywa ikahamishwa asubuhi wakati wa kuoga, na mume akachukua jukumu la kuulizia. Alipopimwa tena baada ya miezi mitatu havikuonekana.

Sasa anataka mtoto wa pili. Jibu alilopewa ni ndiyo, na mpango umeandikwa: uzazi wa mpango hadi yeye na mumewe wote wawe wamefubaza virusi na mtoto wa kwanza awe ameimarika, dolutegraviri iendelee bila kubadilishwa, asidi ya foliki ianze kabla ya mimba, kliniki mapema, wingi wa virusi upimwe ziara ya kwanza, wiki ya 34 hadi 36, miezi 3 baada ya kujifungua, na kila miezi 6 anaponyonyesha. Mtoto atapewa nevirapini kwa wiki 6 na kupimwa PCR kwa ratiba. Katika kliniki alikohudumiwa, kadi mpya zina visanduku vitatu vya VVU, kila kimoja na nafasi ya tarehe, na cha tatu kiko kwenye ukurasa wa chanjo za mtoto.